Marashi ya maua meupe yananigeukia mwilini: kosa ni la chupa au la ngozi yangu?

*"Kwa miaka mingi nimejitia marashi mazito ya udi na ambari. Mwaka huu nikataka kitu chepesi cha maua meupe, cha mchana wa majira ya kuchipua, hasa nikiwa kazini. Nilinunua chupa ya asumini na gadenia. Dukani, kwenye kijikaratasi, yalinukia kama ua lililochumwa muda huohuo. Nilipojipulizia nyumbani, baada ya nusu saa nikasikia harufu ya naftalini, zile tembe za kuzuia nondo kabatini, na harufu nyingine ambayo naona haya kuitaja. Ikifika saa sita mchana mimi siyasikii kabisa, lakini mwenzangu wa meza ya pili analalamika kuwa yanamuumiza kichwa. Je, nimeuziwa bandia, au ngozi yangu ndiyo mbaya? Pia nina mzio wa chavua, nikajiuliza kama nafaa kweli kutumia marashi ya maua. Nafikiria kutafuta ya asili tupu yasiyo na kemikali, labda hayo yatakuwa mapole."*

Nianze na hilo unaloliona haya. Wengine huliita harufu ya choo, wengine ya mnyama, wengine ya mdomo uliolala bila kupigwa mswaki, na walio wengi hunyamaza wakidhani ni wao. Si wewe. Na huenda wala hukuuziwa bandia. Ulichokutana nacho ni kemikali inayoitwa indoli, nayo imo ndani ya ua lenyewe.

Asumini hujitengenezea indoli bila msaada wa mtu. Imo pia kwenye tuberozi, kwenye gadenia na kwenye ua la mdanzi, yaani mchungwa wa machungwa machungu. Na ndiyo, imo kwenye kinyesi. Ikiwa tupu ni vipande vyeupe vinavyometameta. Mara ya kwanza kufungua kichupa chake nilikuwa mwanafunzi, nikainamisha pua kwa pupa, nikakifunga hapohapo nikaenda kusimama dirishani. Mwalimu wangu hakusema neno. Alichota chembe kwa ncha ya kijiko, akaiyeyusha kwenye spiriti mpaka ikabaki sehemu moja kwa elfu, akachovya kijikaratasi, akanipungia puani. Ua! Sikuweza kusema ni ua gani, lakini lilikuwa hai, lenye ule uvuguvugu unaotoka katikati ya petali jioni. Kitu ni kilekile, kipimo ndicho kilichobadilika.

Kwa nini ua zuri lijitie harufu hiyo? Kwa sababu maua mengi meupe yenye harufu kali hufanya kazi usiku. Mgeni wao ni nondo, na gizani rangi za petali hazina faida kubwa. Kinachomfikia mgeni kutoka mbali ni harufu. Ndiyo maana asumini ya kutengenezea manukato huchumwa alfajiri, kabla jua halijaipunguzia nguvu. Kichekesho ni kwamba harufu uliyoifananisha na dawa ya kufukuzia nondo ni sehemu ya ule mchanganyiko ambao ua humwitia nondo wa jamii nyingine. Sisi tunauona weupe, tunawaza shuka zilizofuliwa na sabuni, kisha tunashangaa ua linapojitokeza lilivyo. Kama kuna kosa ulilofanya, ni kununua kwa macho.

Sasa tuje kwenye neno "chepesi", kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopotezwa. Wanaambiwa wakitaka marashi mapole wanunue yale yaliyozimuliwa zaidi: badala ya parfum, ambayo mara nyingi huwa na asilimia 20 au zaidi ya manukato yenyewe, wachukue eau de toilette yenye kati ya asilimia 5 na 15 hivi. Viwango hivyo ni desturi ya biashara, si sheria, na kila kampuni huvivuta inavyopenda. Lakini hata vingekuwa sheria, tuberozi iliyozimuliwa ni tuberozi tu. Itanyamaza mapema, lakini kwa muda inaosema itasema maneno yaleyale. Upole wa marashi ya maua meupe unatokana na ua lililochaguliwa, na zaidi ya hapo, unatokana na sehemu ya ua ambayo mtungaji ameamua kuiacha nje.

Tazama marashi mawili maarufu yaliyopishana miaka minane. Mwaka 1948 Germaine Cellier alitunga Fracas, tuberozi kubwa yenye mafuta mengi, inayoingia chumbani kabla yako. Mwaka 1956 Edmond Roudnitska akatunga Diorissimo kwa kufuata ua dogo la majira ya kuchipua lenye umbo la kengele, ambalo Wafaransa huliita muguet. Yote mawili ni maua meupe. La kwanza ni usiku, la pili ni saa tatu asubuhi baada ya umande. Roudnitska alilipanda ua hilo kwenye bustani yake huko Cabris, karibu na Grasse, mji wa manukato wa Ufaransa, ili alinuse likiwa mzizini. Alilazimika, maana muguet ni ua bubu: ukilikamua au kulichemsha halikupi mafuta ya kutumika. Karibu kila marashi ya muguet uliyowahi kuyanusa yametungwa kwa mkono, tone kwa tone, kwa kemikali za maabara.

Hapo nimeshaanza kujibu hoja yako ya "asili tupu". Naielewa, na si ya kipuuzi, lakini kwa shida yako wewe itakupeleka upande usioutaka. Mafuta halisi ya asumini huja na indoli yake yote, huwezi kumwambia mchumaji aiache shambani. Anayeweza kukupa asumini ya mchana ni mkemia. Kuna molekuli inayoitwa hedioni, jamaa wa karibu wa kitu kinachopatikana ndani ya asumini yenyewe. Ukiinusa peke yake utasema huna ulichosikia: hewa yenye unyevu kidogo, labda kiini cha limau kilicho mbali. Lakini ukiitia kwenye maua, yanapata nafasi ya kupumua, kana kwamba umefungua dirisha nyuma yao. Roudnitska huyohuyo aliitumia katika Eau Sauvage ya mwaka 1966, na tangu hapo imeenea karibu kila mahali. Uwazi unaoutafuta wewe, kwa kiasi kikubwa, ni kazi ya molekuli za namna hiyo. Na kwa upande wa ngozi, mafuta ya asili hayana kinga yoyote ya kipekee. Asumini halisi ni miongoni mwa vitu ambavyo IFRA, shirika la kimataifa la wenye viwanda vya manukato, limewekea kikomo kwa sababu vinaweza kuamsha mzio.

Turudi kwenye kijikaratasi na mkono wako. Marashi ni mkusanyiko wa vitu vyenye mwendo tofauti. Vile vyepesi, kama harufu za machungwa na ndimu, hupaa kwanza. Vya maua hufuata. Vizito kama miski na miti hubaki nyuma. Karatasi ni baridi na haina mafuta, kwa hiyo msafara huo hupita taratibu. Ngozi ina joto. Ile sehemu ya mbele, iliyokuwa imeifunika indoli kwa uchangamfu wake, kwako iliondoka ndani ya nusu saa, na indoli ikabaki bila pazia. Dukani ulinusa dakika tano za mwanzo. Ulichoishi nacho ni saa nne zilizofuata. Hadithi kwamba asidi ya ngozi ya fulani "huharibu" marashi imetiwa chumvi sana. Joto la mwili, ukavu au mafuta ya ngozi, na sabuni au losheni uliyopaka kabla yake, hayo ndiyo ninayoyaona yakileta tofauti. Ngozi yako haina ubaya wowote.

Kuhusu bandia: siwezi kuihukumu chupa nisiyoishika. Linganisha namba ya toleo iliyo chini ya chupa na ile ya kwenye boksi, zinapaswa kufanana. Bandia nyingi hunuka spiriti mwanzoni, kisha zinakufa haraka na kuacha utamu mtupu. Yako inafanya kinyume: inabadilika hatua kwa hatua na inadumu. Hiyo ni tabia ya marashi yaliyotungwa na mtu anayejua kazi, ila hakukutungia wewe. Na ukiona maji yake yamegeuka rangi ya chai baada ya muda, usishtuke mara moja. Indoli, na ile kemikali yenye harufu ya zabibu iliyo kwenye ua la mdanzi, zina tabia ya kuyapa marashi rangi. Rangi hiyo hiyo huenda ikaacha doa kwenye shati jeupe, kwa hiyo usipulizie nguo nyeupe.

Saa sita mchana je, mbona husikii na mwenzako anasikia? Pua imeumbwa kupuuza kinachokaa. Harufu isiyobadilika ubongo huizima ndani ya dakika chache ili ubaki tayari kwa jambo jipya, kama moshi. Wewe umebeba marashi shingoni tangu asubuhi, kwako ni ukuta wa chumba. Mwenzako anaingia na kutoka, na kila akirudi pua yake ni mpya. Zaidi ya hayo, wapo watu wasiosikia kabisa baadhi ya aina za miski ya maabara, na miski ndiyo inayoshikilia marashi mengi meupe hadi jioni. Kwa hiyo kanuni moja tu: usiongeze mchana kwa kuwa wewe huyasikii. Muulize mtu. Bonyezo moja la chupa hutoa takriban mililita 0.1, na kwa ofisi mimi naona mabonyezo mawili yanatosha. Watu waliozoea udi, nikiwemo mimi zamani, wana mkono mzito. Udi hukaa karibu na mwili, lakini asumini husafiri, kwa hiyo kipimo kilichokuwa adabu kwa udi ni kelele kwa asumini. Malalamiko ya mwenzako yachukulie kwa uzito hata kama yanakera, maana kama ana kipandauso hana namna ya kukikwepa akiwa meza ya pili.

Mzio wa chavua hauhusiani na picha ya ua iliyo kwenye boksi. Chavua ni unga wa ua, nayo haipo ndani ya chupa. Marashi ya muguet, kama nilivyosema, karibu yote hayajawahi hata kuliona ua. Ila pua iliyokwisha kuvimba kwa chavua huwa na hasira na chochote: vumbi, moshi wa sigara, na marashi pia. Unaweza kupiga chafya kwa marashi uliyoyavumilia vizuri mwezi uliopita. Siku ambazo macho yanawasha na pua inatiririka, acha marashi nyumbani, au jipulizie kwenye kiwiko badala ya shingoni. Na wala usichague marashi mapya siku hiyo, kwa sababu pua iliyoziba ni shahidi wa uongo.

Basi uchague nini? Ningekuwa nawe, ningekupa kwanza neroli. Mti wa mdanzi una ukarimu wa ajabu: majani na vijiti vyake vinatoa mafuta ya petitigreni, maganda ya danzi yanatoa mafuta mengine, na ua lenyewe linatoa vitu viwili visivyofanana. Ukilipitisha kwenye mvuke unapata neroli, ya kijani, yenye uchungu mdogo mtamu, safi kama kitambaa kilichoanikwa. Inahitajika takriban tani moja ya maua kupata kilo moja. Ukilikamua kwa viyeyushi badala ya mvuke, indoli inabaki kwa wingi zaidi, na ua linakuwa la joto, la asali, la usiku. Ni ua moja, lakini kwenye boksi neno "neroli" na maneno "ua la mchungwa" mara nyingi yanakuahidi mambo mawili tofauti. Kwa mtu anayetoka kwenye udi neroli ina faida nyingine: ule uchungu wake hauchoshi, haina utamu wa pipi. Ubaya wake nakwambia wazi, haidumu. Saa mbili, tatu, imekwisha, isipokuwa mtungaji ameifunga kwa miski, na hapo baada ya saa tatu unanusa miski.

Muguet ni chaguo la pili, na ndilo lililo karibu zaidi na majira ya kuchipua kwa tabia: baridi, maji, jani lililovunjwa. Kwa wengine linakumbusha sabuni ya kuogea, nao hawalipendi kwa sababu hiyo. Jaribu kabla hujamwamini mtu. Ukikuta chupa ya zamani ya mtu wa familia inanukia tofauti na mpya ya jina lilelile, huenda ni sheria. Lilial, mojawapo ya kemikali zilizojenga ua hili kwa miongo mingi, ilipigwa marufuku kwenye vipodozi vya Umoja wa Ulaya kuanzia tarehe 1 Machi 2022, na watungaji walilazimika kulijenga upya. Frizia na magnolia ni nyepesi pia, magnolia ikiwa na ndimu kidogo na frizia ikiwa na pilipili kidogo. Sina mengi ya kusema juu yao ila kwamba hazijawahi kumuudhi mtu. Ukisoma tuberozi, gadenia au langilangi kama jina la kwanza kwenye boksi, jua unarudi ulikotoka, hata kama chupa ni nyeupe na utepe ni wa kijani.

Kujaribu kuna namna yake. Siku ya majira ya kuchipua ni siku mbili: asubuhi yenye baridi ya kuvaa koti, na mchana wa kulivua. Marashi hupaa zaidi joto linapopanda, kwa hiyo yale yaliyokuwa kimya asubuhi hufunguka saa saba ulipokaa karibu na dirisha lenye jua. Ndiyo maana kujaribu jioni dukani hakukwambii kitu. Chukua aina moja kwa siku, bonyezo moja kwenye mkono, uondoke. Yanuse baada ya nusu saa, kisha mchana, kisha unaporudi. Ukitoka nje dakika kumi na kuingia tena ndipo utayasikia kweli. Wauzaji watakupa kahawa unuse ili "kusafisha pua". Nusa tu nguo yako mwenyewe, au hewa. Na kusugua mikono pamoja hakuvunji molekuli kama inavyodaiwa, kunaongeza joto tu na kuharakisha ule mwanzo, ambao kwenye marashi ya neroli ndio utamu wenyewe. Kwa hiyo usisugue.

Yapo mambo ambayo barua yangu haiwezi kuyamaliza. Kama mahali ulipopulizia panawasha, panakuwa pekundu au panatoa vipele vinavyorudi kila ukijipulizia, acha marashi hayo na umwone daktari wa ngozi. Atakubandika vibandiko mgongoni vyenye vitu vinavyoshukiwa, avitoe baada ya saa 48, na kuisoma ngozi tena siku zinazofuata. Ukishajua jina la kinachokudhuru utasoma maboksi kwa akili. Kama marashi, yako au ya mtu mwingine, yanakubana kifua au kukutoa sauti ya filimbi unapopumua, hilo ni la daktari mapema, si la kubadilisha chupa. Na kuna swali moja nataka ujiulize kwa makini: je, ni chupa hii tu inayokunukia vibaya? Kama kahawa, kitunguu au dawa yako ya meno navyo vimeanza kunuka uozo au kuungua, hasa baada ya mafua makali, basi indoli nimeisingizia. Hapo ni pua inayosoma vibaya, na mtu wa kumwona ni daktari wa masikio, pua na koo.

Ikiwa ni chupa hiyo tu, usiitupe. Iweke kabatini mbali na jua na joto, maana marashi yakioza kwa hewa na mwanga huwa makali zaidi kwa ngozi. Subiri jioni ya baridi ambapo huendi ofisini. Pulizia mara moja kwenye bitana ya koti la rangi nyeusi, si mwilini, litundike saa moja, kisha ulivae utoke nje.